Naombeni ushauri: nikipanga viraka bila mpangilio roho inakataa kabisa

Mshono wa Nyuma (mleta mada)
Habari za saa hizi wakuu, msinicheke tafadhali. Nashona kwilti ya viraka, yaani lile blanketi la kuunga vipande vya vitambaa, mabaki mchanganyiko ya nguo za pamba, ni ya kumpa mtu zawadi. Nina vitambaa aina 20, kila aina nimekata vipande 9 vya inchi 5 kwa 5, jumla 180, napanga 12 kwa upana na 15 kwa urefu. Wazo lilikuwa nitie vyote kwenye mfuko, nichomoe bila kuangalia, kinachotoka ndicho kinashonwa, imeisha hiyo. Nimeona wenzangu wanavyofanya wanatoa kitu kina uhai, macho hayachoki kukizunguka. Mimi sasa nachomoa, nakiangalia, nakirudisha, nachomoa kingine, mstari ukiisha naenda kulala nikiwa na amani na asubuhi nikiuona nafumua wote, vitambaa vimeanza kutoka nyuzi pembeni kwa kufumuliwa na tarehe ya kukabidhi inakuja. Nifanyeje nikubali kuachia tu vikae vinavyokaa? Nataka ushauri wa wanaoshona, asije mtu akaniambia nikanunue blanketi.

Kijana Mpole
Kanunue blanketi.

Mzee wa Kona
Uzi bila picha ni batili. Weka picha tuone huo mstari uliokosa amani.

Bi Kiraka
Pole mdogo wangu, hiyo hali tumeipitia wengi. Nikuambie kitu, mara nyingi kinachosumbua macho sio rangi gani imekaa karibu na rangi gani, ni weupe na weusi wake. Nyekundu na kijani unaziona zinagombana kumbe zote zina giza sawasawa, zikikaa jirani zinakuwa bonge moja la giza. Tandika viraka vyako, piga picha na simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe halafu rudi mbali uangalie. Utakuta kona moja imejaa giza na kona nyingine imepauka, ndio hapo roho inapokataa. Dawa yake gawa mifuko miwili, mmoja wa rangi za mwanga mmoja wa rangi za giza, chomoa kwa zamu. Bado unachomoa bila kuangalia ila mwanga na giza vinapishana vyenyewe. Na usishone usiku ule ule, bandika ukutani kwanza kwenye kitambaa chenye manyoya manyoya, viraka vinashika bila pini, unapita unarudi unaviangalia. Kufumua mstari ulioshonwa ni kujitesa.

fundi_mstaafu
Na kama lazima ufumue usivute! Vijana wa siku hizi wanavuta ndio maana kitambaa kinatoka nyuzi. Kata mshono mmoja ruka mitatu minne upande mmoja, geuza, upande wa pili uzi unatoka mzima. Mimi nilikuwa na mwanafunzi anapenda kulinganisha, shati la drafti mfuko lazima mistari ikutane, kola ikutane, mpaka mfuko wa ndani wa koti usioonekana na mtu alitaka ukutane, mteja anasubiri nje yeye anageuza kitambaa. Nikamwambia wewe utakufa maskini. Sasa hivi ana karakana kubwa kuliko yangu, mimi mgongo ndio huu hata kuinama kuokota bobini siwezi, sasa nani alikuwa sahihi sijui. Endelea kushona binti.

hesabu_kali
Mleta mada swali dogo. Mistari uliyokwisha kushona ukairidhia ni mingapi, na ndani yake kuna sehemu ngapi kitambaa kimeangukia ubavuni mwa pacha wake?

Mshono wa Nyuma
Bi Kiraka ahsante dada, la picha ya nyeusi na nyeupe nimelijaribu sasa hivi, kweli kabisa kuna kona ina giza. hesabu_kali, mistari 7 iko tayari na hakuna pacha hata mmoja, kwa nini unauliza?

hesabu_kali
Kwa sababu mfuko haujui adabu hiyo. Mistari 7 ya viraka 12 ina sehemu 149 ambapo kiraka kinagusana na jirani yake ubavu au juu na chini. Kwa vitambaa 20 vya vipande 9 kila kimoja, ukichomoa kwa haki unatarajia mapacha kama 6 au 7 hapo, na kwilti nzima kama 15. Bahati nasibu ya kweli ina mafungu mafungu, hata muziki ukiweka simu ichanganye yenyewe msanii mmoja anaimba mara mbili mfululizo na watu wanalalamika simu mbovu. Wewe unataka kitu kilichotawanywa sawasawa halafu kionekane hakikupangwa. Hakuna ubaya, wengi tunaondoa mapacha, ila usijidanganye kwamba unachomoa. Unachagua. Sasa niambie, kati ya aina 20 ni kipi hakijatokea kabisa kwenye mistari hiyo 7?

Mshono wa Nyuma
Sijahesabu.

hesabu_kali
Hesabu basi, ni viraka 84 tu.

Mshono wa Nyuma
Kuna kimoja bado. Cha njano. Lakini ni satini, inateleza, inatoka nyuzi sana, haikai vizuri na pamba, kwa hiyo niliona nikiweke pembeni kwanza kwa sababu za kiufundi.

hesabu_kali
Kwenye mada umesema zote pamba. Na kitambaa fulani kisitokee hata mara moja katika vipande 84 vya huo mfuko ni kama mara 3 katika 1000.

Jicho la Tatu
Hapo umepiga chenga mkuu, hiyo 3 kwa 1000 ni kama ulikitaja kitambaa kabla. Ukiuliza kitambaa chochote kati ya 20 kikosekane inapanda mpaka kama 6 kwa 100, mtu anaweza kuipata bila kuiba.

hesabu_kali
Nakubali. Ila huyu ameiba, ngoja utaona.

MamaWatatu
Mleta mada, satini ya nani hiyo?

Mshono wa Nyuma
Swali langu lilikuwa jinsi ya kuzoea viraka visivyo na mpangilio jamani.

MamaWatatu
Tunajua mpenzi. Satini ya nani?

Mshono wa Nyuma
Haya. Kwilti ni ya mama mkwe, anatimiza miaka 70. Kila mtu kwenye familia ametoa nguo moja ya zamani ikatwe. Ya njano ni gauni la wifi yangu, dada wa mume. Ndilo gauni alilovaa siku aliponisema mbele ya ukoo mzima kwamba mimi mikono yangu haijui kazi. Sasa mfuko ule kila nikichomoa satini inakuja kuangukia katikati, karibu na nguo ya mama mwenyewe, inang'aa yenyewe tu hakuna mwingine anaonekana. Nikaona nisimpe mtu umaarufu. Vipande vyake 9 viko kwenye droo. Nafasi yake nimeziba na kitambaa changu, kwa hiyo changu kimekuwa 18, lakini ni cha maua madogo madogo, hakijipambanui, mtu hawezi kugundua. Na wala sijamtupa, nitaviweka mgongoni kwa kwilti, upande wa chini. Naye atakuwemo. Sioni kosa langu liko wapi.

Kijana Mpole
Wifi analala chini ya mama mkwe, mleta mada anatawala juu mara mbili. Haya ndiyo mapinduzi.

MamaWatatu
Dada yangu, mimi nimekaa na mawifi wanne nyumba moja, usinifundishe. Alichokisema kilikuuma, sawa, ila zawadi ya mzee sio uwanja wa kulipana. Vita vya panzi furaha ya kunguru. Wifi wangu mkubwa tulikuwa hatuongei kabisa, siku mwanangu wa pili alipougua yeye ndiye alikesha naye, sasa ningekuwa nimemshona mgongoni ningemtazama vipi? Mshone mbele, yaishe.

Mshono wa Nyuma
Wangu hajawahi kukesha na mtu.

Mzee wa Kona
Mimi sishoni ila napenda kusoma, ngoja nichangie. Kuna akina mama wa Gee's Bend, huko Alabama, Marekani, wamerithishana kushona kwilti za nguo chakavu vizazi na vizazi, jinzi za shambani, magunia, chochote, mistari yao inapinda inakatika na watu wanashangaa uzuri wake. Mwaka 2002 zikaonyeshwa makumbusho ya sanaa ya Houston, 2006 posta ya Marekani ikazitolea stempu. Mmoja wao, Missouri Pettway, mwaka 1942 alishona kwilti nzima kwa nguo za kazi za marehemu mumewe, madoa na viraka vya magotini vimo humo humo, hakuficha kitu. Halafu kuna Wasidi wa Karnataka, India, asili yao Afrika, wao wanaanza kushona ukingoni wanazunguka kuingia katikati, kiraka kinachofuata ni kile kinachotosha pengo lililobaki. Nadhani hiyo ndiyo dawa yako mleta mada, acha kuanza na nani anakaa katikati, anza pembeni. Katikati atakayekuta nafasi amekuta.

Bi Kiraka
Mzee umenifurahisha. Na mdogo wangu sikia, satini inang'aa kwa sababu ni kubwa. Hata ukitoa mshono, inchi nne na nusu ya njano inayong'aa lazima ipige kelele, hata ingekuwa ya malaika. Kata kila kipande mara nne, shona kila robo na vipande vitatu vya pamba vya rangi ya mwanga mpaka kiraka kirudi kipimo chako, tawanya. Kitambaa kikikushinda kipunguze. Njano kidogo kidogo kila kona inaamsha kwilti nzima, ikikosekana kabisa hivyo vitambaa vyako 19 vitalala doro. Mimi nisipokuwa na kibaya kimoja humo huwa nakitafuta.

Jicho la Tatu
Wakuu kabla hamjaendelea kutoa machozi, mimi naona hii chai. Mleta mada, kwilti ni ya kitanda gani?

Mshono wa Nyuma
Futi tano kwa sita.

Jicho la Tatu
Eeh haya. Futi tano ni inchi 60. Viraka 12 vya inchi 5 ukitoa robo inchi ya mshono kila upande kila kimoja kinabaki inchi nne na nusu, jumla 54. Kwilti yako haifiki hata ukingo wa kitanda! Mtu ameshakata vipande 180 hajajua haitoshi? Na juzi juzi huyu huyu alifungua uzi anauliza cherehani ya kuanzia ni ipi. Leo ana kwilti, ana wifi, ana mama mkwe wa miaka 70 na gauni la njano. Vikombe viko wapi tunywe.

Kijana Mpole
Mimi nilishaanza kumchukia wifi jamani, nirudishieni hasira zangu.

MamaWatatu
Ina maana nimesimulia habari za mwanangu bure?

Mshono wa Nyuma
Jicho la Tatu una macho ila huna subira. Kuna pindo la kitambaa kimoja cha buluu iliyoiva, inchi 9 kila upande likiwa limeshashonwa. 54 jumlisha 18 ni 72, urefu 15 mara nne na nusu ni 67 na nusu, jumlisha 18 ni 85 na nusu. Inaning'inia inchi 6 kila ubavu. Na cherehani niliulizia kwa ajili ya mtoto wa jirani anayetaka kujifunza. Mtu hawezi kuulizia kitu cha mwenzie?

fundi_mstaafu
Vipimo viko sawa. Na mtu anayetunga hawezi kukumbuka kusema satini inatoka nyuzi. Huyu anashona.

Jicho la Tatu
Au ni wifi mwenyewe kaja kupima upepo, anajifanya mke wa kaka ili ajue watu wanamuonaje. Angalia anavyojitetea.

hesabu_kali
Kama ni wifi basi ndiye wifi wa kwanza kujitukana gauni lake. Mleta mada, swali la mwisho toka kwangu. Nguo zilikusanywa na nani?

Mshono wa Nyuma
Na mama mkwe.

hesabu_kali
Mwenyewe?

Mshono wa Nyuma
Ndio, alipita kwa kila mtoto. Aliniletea zimefungwa kila moja na karatasi yenye jina. Alisema anataka ajifunike awe anawaona wote.

Kijana Mpole
Eeeeh!

Bi Kiraka
Na ulikuwa unatuambia hawezi kugundua.

Mshono wa Nyuma
Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Na mgongoni pia ni kwenye kwilti, akigeuza atamuona, mbona mnalikuza. Mistari 7 sifumui, niseme wazi, nimechoka na kitambaa hakivumilii tena. Ile 8 iliyobaki nafikiria. Fundi, sijasema nimekubali, nauliza tu. Kile kitambaa cha gundi mnachobandika ndani ya kola kwa pasi, kikiwekwa nyuma ya satini hakiachi mapovu?

fundi_mstaafu
Kinaacha ukiburuza pasi. Moto mdogo, juu ya satini tandika kitambaa cha pamba, bonyeza, hesabu taratibu, nyanyua, sogea, usiburuze. Bandika kabla ya kukata hizo robo anazosema Bi Kiraka, ukikata kwanza zitakutoka nyuzi zote mkononi. Kwa kuwa vipande 9 vishakatwa bandika hivyo hivyo vizima, halafu ndio upitishe mkasi. Jaribu kwanza kwenye pindo au mkono wa gauni kama umebaki, maana satini nyingi ni poliesta, pasi ikizidi inayeyuka inakuwa ngumu na hapo huna pa kupata nyingine. Na usiishone na ile pamba ambayo haijawahi kuona maji, kwilti ikifuliwa pamba itarudi nyuma na satini itabaki pale pale, viraka vitavutana. Pamba ifue kwanza peke yake, hasa kama ina nyekundu mpya, isije ikamtia rangi wifi.

Mshono wa Nyuma
Mkono mmoja wa gauni upo. Ahsante.

Tunguli
Wakuu nimesoma uzi wote toka juu, mada nzuri, michango mizuri. Nje ya mada kidogo, huyo wifi ameolewa?