Msumeno wa mpini mrefu kwa kazi ya kila siku: petroli, betri au wa mkono?

matawi_juu:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Tuko watatu, tunatunza bustani na kupogoa miti kwa mkataba, siku tano kwa wiki na wakati mwingine sita. Mpaka sasa tunatumia kale kamsumeno ka betri ka matumizi ya nyumbani, mota iko juu kabisa karibu na cheni, ikifika saa nne asubuhi mabega yamekwisha na mkono unatetemeka, juzi nasaini risiti naandika kama mtoto wa chekechea.

Sasa nataka kitu cha kazi. Nimeona za petroli ambazo mpini unauvuta unarefuka, nimeona za betri kubwa, halafu kuna jamaa ananiambia niachane na mashine nichukue wa mkono. Matawi mengi ni unene wa mkono, machache kama paja, yako mita 4 hadi 6 toka chini. Ngazi sipandi tena, nilishaanguka mara moja inatosha. Nichukue tu ile ndefu kuliko zote nimalize?

mzee_wa_cheni:
Usinunue kwa urefu mkuu, hapo ndo wengi tunapigwa. Urefu unaoandikwa kwenye boksi mara nyingi wameshajumlisha na urefu wa mtu mwenyewe. Halafu mpini huwezi kuusimamisha wima juu ya kichwa, mwisho ni nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, ukizidisha hapo tawi linakufuata wewe. Piga hesabu, mpini wa mita 4 kwenye nyuzi 60 unapanda kama mita 3.5, ongeza mita 1 ya pale kiunoni unapoushikia, jumla 4.5. Kwa hiyo yale ya mita 6 hata hiyo "ndefu kuliko zote" inaweza isiyafikie.

Kinachoua bega sio uzito wa mashine nzima, ni uzito uliokaa kule mwisho. Mie natumia Stihl HT 135, inazidi kilo 7, ukisikia hivyo unaogopa, ila injini iko chini nyuma ya kiuno inavuta kama jiwe la mzani, unaining'iniza kwenye mkanda wa begani, mikono inaongoza tu. Hiyo yako nzima labda ni nyepesi zaidi lakini mzigo wote umeubeba kwenye ncha, ni kama kushika ndoo kwa kijiti. Ukifika dukani usiridhike na kuinyanyua, irefushe mpaka mwisho, ilaze, uone kichwa kinadondoka vipi. Na itikise, manake mipini ya kuvuta ikilegea kwenye kiungo unalenga hapa inakata pale.

Hayo ya unene wa paja sahau. Baa ya hizi mashine, yaani kile chuma kinachobeba cheni, ni sentimita 25 au 30 tu, na tawi zito likianza kushuka huna ubavu wa kulizuia ukiwa mwisho wa fimbo.

DadaBustani:
Nampinga mzee kidogo. Sisi tunafanya kazi karibu na wodi za wagonjwa na madarasa, petroli huko hawakuruhusu hata uwashe. Betri za kazi sio zile za nyumbani, unabonyeza inakata unaachia imenyamaza, na kazi ya kupogoa nusu ya muda unatembea na kuangalia juu, injini inaunguruma bure. Ila chukua ile ambayo betri iko upande wako wa chini, na ununue betri tatu kabisa, moja kwenye mashine, moja kwenye chaja, moja mfukoni kwa maana ya kwamba chaja itachelewa tu. Na kale katanki ka oili ya cheni ni kadogo, usisubiri betri iishe ndo uangalie, sisi tulichoma baa mpya kwa uvivu huo.

kivuli_chini:
Wa mkono usiudharau. Ninao Silky Hayauchi, blade imepinda ina meno ya Kijapani, unakata wakati wa kuvuta tu, kusukuma unarudisha bila nguvu, uzito wa mpini wenyewe unakusaidia. Tawi unene wa mkono kule juu ambako mashine haifiki unamaliza kwa dakika chache. Kukata nao kutwa nzima hapana, shingo itakuuma, lakini kwa matatu manne yaliyobaki juu hakuna kelele wala petroli.

Sasa la muhimu, mpini wa huu wangu ni aluminiamu, unapitisha umeme. Hata mipini ya kaboni inapitisha umeme. Mwongozo wa Stihl unasema mita 15 kutoka kwenye nyaya za umeme na watu wengine wasogee mita 15 pia. Kama tawi limelalia waya, hiyo sio kazi yako, wapigie wenye umeme.

Na kata kwa hatua: kwanza chanja kidogo chini ya tawi, mbele ya pale utakapolimaliza, halafu juu uliangushe, kisha kisiki kinachobaki ndo ukikate pale nje ya ule uvimbe unaoshikana na shina. Ukiruka ile ya chini gome linachanika mpaka shinani.

matawi_juu:
Aisee nimewaelewa. Nadhani nachukua ya petroli ya mpini unaorefuka, injini iwe chini, halafu wa mkono kwa ya juu. Yale ya paja tutaita mpandaji mwenye kamba zake. Mchanganyiko wa petroli na oili ni 50 kwa 1 si ndio?

mzee_wa_cheni:
Ndio, kwa oili nzuri ya tu-stroku, mililita 100 kwa lita 5. Giaboksi ya kichwani iwekee grisi, wengi hawajui hata kama ipo. Na jioni usiining'inize ukutani kichwa kikiwa chini na tanki la oili limejaa. Mie nilijua hilo alfajiri, gizani, nikiwa na soksi.