Naomba ushauri: shule inasema nafasi za baada ya masomo zimejaa, nami natoka kazini saa kumi na moja na nusu

Mama Wawili
Salaam, ndugu zangu. Tulihamia San Diego, Marekani, kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na huu ni mwaka wetu wa tatu hapa. Binti yangu wa darasa la tatu hutoka shuleni saa nane na nusu mchana, wakati mimi nafua mashuka hotelini hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Niliomba aandikishwe katika programu ya baada ya masomo, karani akanijibu kwa mdomo kwamba orodha imejaa, na aliyenitafsiria maneno hayo ni binti yangu mwenyewe. Jirani aliyekuwa akinisaidia amehama, na likizo ya kiangazi inakaribia. Baba yao anasema katika programu hiyo watoto hupaka rangi tu, heri tujibane tulipie twisheni. Nifanyeje?

Mzee wa City Heights
Pole sana, mwanangu. Jibu la karani lisikukatishe tamaa, kwa sababu mwenye wajibu hapa ni wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za umma za eneo lenu. Tangu 2021 jimbo la California limekuwa likizipa wilaya fedha za programu ya fursa za ziada za kujifunza, na wilaya inayozipokea hutakiwa kuwahudumia watoto wa chekechea hadi darasa la sita kwa saa tisa kwa siku, saa za masomo ya kawaida zikihesabiwa humo, pamoja na siku 30 ambazo shule imefungwa. Kiasi cha fedha hukokotolewa kwa kuangalia watoto wa familia zenye kipato kidogo, wanaojifunza Kiingereza na walio chini ya malezi ya serikali. Binti yako, kwa maelezo yako, yumo katika hesabu hiyo.

Andika barua kwa ofisi ya wilaya inayosimamia programu hiyo, taja shule na darasa lake, uombe nafasi na ujibiwe kwa maandishi. Wakikupa nafasi katika jengo lililo nje ya shule yake, uliza pia usafiri wa kumpeleka na kumrudisha, maana huo nao ni jukumu lao. Na mtoto asiwe mkalimani wako tena: Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inaitaka shule inayopokea fedha za serikali kuu iwasiliane na mzazi kwa lugha anayoielewa. Sema tu, "Naomba mkalimani wa Kiswahili."

Msaidizi wa Jioni
Nafanya kazi katika programu ya aina hii, ila yetu inalipiwa na mfuko wa zamani ambao wapiga kura wa California waliupitisha mwaka 2002. Programu hiyo hufunguliwa mara masomo yanapokwisha na hudumu hadi saa kumi na mbili jioni angalau, kwa hiyo zamu yako inaingia humo. Sisi hulipwa kulingana na mahudhurio, na ndiyo maana wasimamizi hukunja uso mzazi anapomchukua mtoto mapema kila siku. Uliza utaratibu wao wa kuondoka mapema kabla hujasaini fomu.

Kuhusu baba yao, nampa haki nusu. Kuna saa ya kazi za nyumbani na kusoma, kisha michezo, muziki au sanaa. Twisheni ya kumkaririsha mtihani hataikuta.

Bint Kasulu
Mimi namuunga mkono shemeji kidogo. Mwanangu alikaa huko miezi sita na kusoma hakukusogea mpaka nilipokwenda kuonana na mwalimu wake wa darasa, nikaomba amweleze msimamizi wa jioni ni wapi mtoto anakwama. Watu hao wawili hawakuwa wamewahi kuzungumza! Hata hivyo, Kiingereza cha kucheza na wenzake alikipata huko haraka kuliko darasani.

Mama Wawili
Asanteni sana. Barua nitaiandika leo usiku. Je, wanaweza kunidai ada?

Mzee wa City Heights
Mtoto anayestahili chakula cha shule cha bure au cha bei nafuu kwa kigezo cha kipato hatozwi ada. Ambatanisha fomu ya kipato uliyojaza shuleni, na ubaki na nakala ya kila karatasi. Katika barua hiyohiyo omba na siku za kiangazi, kwa kuwa wilaya nyingi huandikisha watoto wa kiangazi kabla shule haijafungwa.