Naombeni ushauri: nifundisheje rigresheni (kukadiria kitu kimoja kutokana na kingine) yenye vigeu vya makundi, kama wilaya?

Chaki_na_R: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha takwimu chuo kimoja hapa Dar. Wanafunzi wangu wamekusanya kodi za chumba kimoja katika wilaya zetu 5, wakazipa namba: Ilala 1, Kinondoni 2, Temeke 3, Ubungo 4, Kigamboni 5. Jana tumeingiza kwenye R (programu ya takwimu), ikatoa koefisienti moja, yaani namba ya kodi inavyobadilika kigeu kikiongezeka moja. Binti mmoja akasimama, akasoma kwa kujiamini: "Wilaya ikiongezeka moja, kodi inashuka elfu tatu." Darasa zima likanakili.

Nikawaeleza kwamba namba hizo ni majina tu, nikatumia factor(), inayoiambia R kuwa hayo ni makundi, zikatoka koefisienti 4. Swali likaja: "Mwalimu, Ilala imeenda wapi?" Nilijibu, ila nyuso zao zilionyesha halijaingia. Keshokutwa narudi darasani. Wenzangu mnaanzaje?

MamaTakwimu: Mkuu, funga kompyuta kwanza. Wapige wastani wa kila wilaya kwa kikokotoo, waandike ubaoni. Tuseme Ilala imetoka 80,000 na Temeke 65,000. Ndipo waendeshe lm(kodi ~ wilaya), amri ya rigresheni, wilaya ikiwa factor. Watakuta intasepti (namba ya kuanzia) ni 80,000, na Temeke ni -15,000. Ilala wataiona wenyewe: imekaa kwenye intasepti, na wilaya nyingine zote zinapimwa kutokea hapo. Ila waonye, ukiongeza ukubwa wa chumba kwenye modeli, intasepti si wastani wa Ilala tena.

Mbagala_Data: Naunga mkono. Kisha wabadilishie kundi la rejea (lile ambalo mengine yanalinganishwa nalo) kwa relevel(), waweke Temeke. Ilala itasoma +15,000. Koefisienti na p-value (kipimo cha kama tofauti inaweza kuwa ya bahati tu) zimebadilika, lakini kodi inayokadiriwa kwa kila wilaya ni ileile. Mimi hapo ndipo wangu huacha kusema "Temeke haina athari" kwa kuangalia p-value moja. Kama wilaya kwa ujumla ina athari, hilo wapime kwa anova(), inayopima koefisienti zote za wilaya kwa pamoja.

Mzee_wa_SPSS: Wa kwangu wanatumia SPSS, programu nyingine ya takwimu. Menyu yake ya rigresheni ya mstari haijui makundi, kwa hiyo tunatengeneza vigeu vya 0 na 1 kwa mkono, 4 tu. Wakiweka vyote 5 pamoja na intasepti, kimoja kinatupwa nje. Nawaacha wakosee makusudi, halafu tunatafuta sababu pamoja.

Chaki_na_R: Asanteni sana wakuu. @MamaTakwimu, nianze na wilaya zote 5?

MamaTakwimu: Hapana, anza na 2. Mchoro wa nukta za kodi, wilaya moja ikiwa 0 na nyingine 1, mstari upite kwenye wastani zote mbili. Tatu za mwisho ziongeze kesho yake.