Tupeane uzoefu: siku ulipoingia kidato cha kwanza ukitokea shule ya kayumba (shule ya msingi ya serikali)

Chaki Nyeupe: Ndugu zangu, jana mwanangu ameleta fomu ya maelekezo ya kidato cha kwanza, nami nikakumbuka ya kwangu. Niliingia shule ya kata mwaka 2007, wakati shule hizo zilikuwa zikifunguliwa kila kona, yetu ikiwa na madarasa mawili na maabara iliyoishia kwenye msingi. Miaka saba nilikuwa nimesoma kila kitu kwa Kiswahili, na Sayansi ndiyo iliyonipa sifa kijijini. Katika jaribio la kwanza la Baiolojia tuliulizwa kuhusu “photosynthesis”, nami sikuitambua, hadi jirani yangu aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza aliponinong’oneza kwamba ni usanisinuru. Nikaijibu kwa ukurasa mzima, kwa Kiswahili, nikieleza umbijani, mwanga na maji. Karatasi iliporudi ilikuwa na sifuri, na chini yake mwalimu ameandika kwa Kiswahili fasaha: “Maelezo ni sahihi, lugha siyo.” Nililia chooni ili wenzangu wasinione.

Mtu wa Ziwani: Naam. Mimi nilinyamaza hadi mwezi wa sita, walimu wakaniandika kwenye ripoti kuwa ni mwanafunzi mpole.

Mama Wawili: Poleni, ila tusilaumu wazazi tunaolipia mchepuo wa Kiingereza. Ninauza vitumbua kuanzia alfajiri ili wanangu wasiyapitie hayo.

Mtu wa Ziwani: Hakuna aliyekulaumu, mama. Lakini wenye sauti wakishahamisha watoto wao, nani atabaki kuuliza maabara ya Chaki Nyeupe iliishia wapi?

Mama Wawili: Kwa hiyo niwatoe wanangu sadaka ili maabara yenu ijengwe?

Mwalimu wa Zamu: Naomba mtuelewe na sisi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, lakini mtihani wa kidato cha nne ukaendelea kuja kwa Kiingereza. Nilichofanya ni kufunga mlango, kufundisha kwa Kiswahili, kisha kuandika ubaoni maelezo ya Kiingereza ili wayakariri. Waliokuwa na kamusi nyumbani walielewa walichokikariri. Wengine waliimba tu.

Msukuma Toroli: Ninyi angalau mliingia darasani. Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, mama yangu alicheza ngoma uani kwa sababu mdogo wangu alikuwa amechaguliwa. Fomu ilipofika ilitaka sare mbili, jembe, ndoo, ufagio na rimu ya karatasi. Tulipata vyote isipokuwa rimu. Alitembea tangu saa kumi alfajiri, akarudishwa getini, akaenda tena Jumatatu iliyofuata, akarudishwa tena. Mara ya tatu aliondoka nyumbani na sare yake, lakini hakuelekea shuleni. Tulimkuta baada ya siku tisa mwaloni akianika dagaa, sare ameifunga kwenye mfuko wa plastiki isichafuke.

Mama Wawili: Ee Mungu wangu. Alirudi shule?

Mtu wa Ziwani: Mngekwenda kwa mtendaji wa kata, mkuu.

Mwalimu wa Zamu: Mtendaji angewatoza mchango wa mlinzi. Rais Magufuli alipiga marufuku michango mwezi Januari 2018, lakini kwa kijana huyo ilikuwa imechelewa miaka miwili.

Chaki Nyeupe: Basi mnishauri kuhusu huyu wangu, maana fomu iko mezani.

Mtu wa Ziwani: Mnunulie kamusi, asikilize taarifa ya habari ya Kiingereza kila jioni.

Mama Wawili: Mhamishe.

Mwalimu wa Zamu: Asihame. Akijua Hisabati, lugha itamkuta njiani. Na rimu usisahau, maana hata mimi nimewahi kuikagua getini.

Msukuma Toroli: Mama Wawili, hakurudi. Ana mtumbwi wake sasa. Ada iliyofutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Rimu iliyomrudisha iliuzwa 10,000.