Mafundi acheni kutupiga na stabilaiza! Si kila gari inayotetemeka inahitaji hicho kidude

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimekuja na hasira.

Hivi nani aliwafundisha mafundi wetu kwamba dawa ya kila usukani unaotetemeka ni stabilaiza, yaani shokapu ya usukani? Unapeleka pikapu au jipu gereji, unasema tu "usukani unacheza", na kabla hujamaliza sentensi fundi keshakujibu: "Hiyo inataka stabilaiza, bosi." Hajalala chini ya gari. Hajashika tairi akalitikisa. Hajauliza inatetemeka kwenye mwendo gani, ukikanyaga breki au ukipita shimo, imeanza kabla ya kubadilisha tairi au baada. Stabilaiza basi! Ukirudi kulalamika kwamba ugonjwa umerudi, anakuambia kwa tairi kubwa kama hizo moja haitoshi, tufunge mbili.

Ndicho nilichofanyiwa. Gereji siitaji. Walifunga mpya, gari ikatulia, nikalipa, tukaagana vizuri. Baada ya muda, nikipita kiungo cha daraja kwenye mwendo wa barabara kuu, ekseli ya mbele inaanza kurusha tairi kushoto na kulia, dashibodi inapiga kelele, usukani unataka kukutoka mikononi, na haiachi mpaka umepunguza mwendo karibu na kusimama. Aliyewahi kukutana na mtetemo huo hahitaji maelezo zaidi. Nikarudi pale, jibu likawa lile lile: ongeza ya pili. Nikaondoka. Fundi mwingine akaomba mtu mmoja akae kwenye usukani, injini ikiwaka, tairi zikiwa chini, awe anauzungusha kidogo kidogo huku na huku. Yeye akalala chini akatazama. Bolti ya panadi rodi, ile fimbo inayozuia ekseli isihame kushoto au kulia, ilikuwa inacheza ndani ya tundu lake, na tundu limeliwa, si la mviringo tena. Ukaguzi huo hauhitaji kompyuta wala mashine. Unahitaji fundi anayekubali kuchafuka mgongo.

Sasa tuelewane hiki kidude ni nini. Stabilaiza ni shokapu, haina uchawi. Imelazwa ubavu, upande mmoja umefungwa kwenye ekseli au chesisi, mwingine kwenye fimbo ya usukani. Ndani mna pistoni inayolazimisha mafuta yapite kwenye vitundu vidogo, kwa hiyo kila tairi linapotaka kugeuka ghafla linakutana na ukinzani. Kazi yake ni hiyo tu. Haikazi kitu kilicholegea. Na ile ya kawaida ya mafuta haijui hata wapi ni katikati. Inakinza kwenda kulia sawasawa na inavyokinza kwenda kushoto. Ziko za kurudisha usukani katikati, ila hizo zina springi ndani au nje, na si hizo tunazofungiwa mara nyingi.

Halafu kuna zile zenye gesi ya presha. Gesi inausukuma mti wa pistoni utoke nje muda wote, kwa hiyo ukifungiwa hiyo, gari inaweza kuanza kuvuta upande mmoja. Unarudi kulalamika, unapelekwa alaimenti. Unalipa tena, kwa tatizo walilolifunga wao wenyewe!

Najua kuna wadau watakuja na ile hoja ya "mbona zinatoka kiwandani nazo?" Ni kweli. Land Cruiser za ekseli nzima mbele, Defender za zamani, Wrangler, hata Jimny ya 2018, zimetoka nayo. Ekseli ikiwa kipande kimoja, tairi la kushoto likigonga jiwe la kulia nalo linasikia, na kishindo chote kinapanda hadi kwenye vidole vya dereva. Shokapu pale ni ya kupunguza kishindo hicho, na kwa mtu anayekaa kwenye mawe na makorongo siku nzima inamwokoa mikono. Sibishi hata kidogo. Ninachobishia ni kwamba kiwanda kiliifunga kwenye gari ambayo kila bushi ni mpya na kila bolti imekazwa kwa kipimo. Wewe fundi unaifunga juu ya boljointi (viungo vya mpira wa chuma ambavyo tairi hugeukia) zilizokufa. Hapo hujaziba ufa, umepaka chokaa juu yake.

Na msije na habari za Jeep. Ndiyo, mwaka 2019 Fiat Chrysler, waliokuwa wakitengeneza Jeep, walitangaza kuwabadilishia bure shokapu ya usukani wenye Wrangler za toleo jipya lililoanza 2018, baada ya malalamiko ya mtetemo, wakieleza kwamba kwenye baridi viputo vya hewa vilikuwa vinajitokeza ndani yake. Hizo zilikuwa gari mpya. Ukiniletea gari yenye miaka 20 ambayo panadi rodi yake haijawahi kuguswa, usinipe mfano huo.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba magonjwa tofauti yote yanapewa jina moja. Usukani ukitetemeka kidogo kidogo kwenye mwendo fulani kisha ukatulia ukiupita, anza na balansi, au tope lililoganda ndani ya rimu, au tairi lililochakaa kwa mawimbi. Ukitetemeka ukikanyaga breki tu, tazama diski. Gari ikizurura barabarani kila saa unairudisha, angalia upepo wa tairi, bushi, steling boksi, na kasta. Ikigeuka yenyewe kila ekseli inapopanda na kushuka, hayo ni mahesabu ya pembe: dragi linki (fimbo inayotoka steling boksi kwenda kwenye tairi) na panadi rodi haziendi sambamba, na hakuna shokapu duniani inayobadilisha pembe. Ule mtetemo mkubwa wa kutisha ndio unaoanzia kwenye ulegevu: panadi rodi, tairodi (fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele), boljointi, beringi za kingi pini (mhimili ambao tairi hugeukia). Wenye Jimny na Land Cruiser 80 hizo beringi mnazijua vizuri.

Kasta naomba niikazie, maana hapa ndipo walioinua gari wanapoliwa. Ule mlalo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao tairi hugeukia ndio unaofanya usukani ujirudishe wenyewe ukitoka kwenye kona. Ukiinua gari yenye springi za koili bila kurekebisha mikono inayoshika ekseli, ekseli inajizungusha kidogo na mlalo huo unapungua. Usukani unakuwa mwepesi, hauna msimamo. Suluhisho ni bushi maalumu za kasta au mikono inayorekebishika. Tulichozoea kuuziwa ni stabilaiza mbili, usukani unakuwa mzito, dereva anadhani mzito maana yake umetulia. Sasa jaribu kukata kona kwa haraka uone unavyochelewa kurudi.

Wenye pikapu za kisasa zenye sespensheni huru mbele na usukani wa raki, nyingi zenu hata kiwandani hazikuwekewa. Akija mtu kukutobolea mabano ya kufunga moja, muulize anatibu nini. Malori makubwa nayo yana mambo yake, kingi pini na bushi za springi kwanza, sitaingia huko leo.

Tena hii ni hatari. Stabilaiza mpya inazima dalili. Mtetemo ule mdogo ndio unaokuambia kuna kitu kinalegea. Ukiuzima, ulegevu unaendelea kimyakimya mpaka shokapu nayo ichoke, halafu vyote vinakuja kwa pamoja ukiwa na familia kwenye mteremko. Panadi rodi ikichomoka, shokapu ile haishiki ekseli.

Kwa hiyo naomba wenye uzoefu mnijibu. Wenye ekseli nzima, ukiifungua stabilaiza yako ukaendesha taratibu mahali salama, gari inakaaje? Kwa ninavyoelewa mimi, gari isiyo na ubovu inapaswa kwenda vizuri bila hiyo, utasikia tu vishindo zaidi mkononi. Kama haiwezi, kuna kitu kimekufa. Mwenye hoja tofauti aje nayo, nitasoma.

Na wewe fundi unayejiandaa kuandika hapa chini kwamba tairi kubwa lazima mbili, anza kwa kutueleza panadi rodi uliikagua vipi.