Nimechoka kuvua changu tu, nihamie samaki gani? (Tanga)

Chubwi_la_Sahare:
Habari za humu wadau, wazee wangu shikamooni.

Mi niko Tanga, Sahare, wiki nzima nachomelea mageti na madirisha ila ikifika Ijumaa jioni mtu asinitafute, niko baharini. Tuna kiboti cha faiba mimi na shemeji yangu, mashine ya nguvu farasi 15, hatuendi mbali sana. Ishu yangu ni kwamba huu mwaka wa sita sasa navua changu. Changu tu. Mwamba wangu naujua kwa alama, nikiona mnara wa simu umekaa katikati ya minazi miwili na nyuma yangu kisiwa kimejificha nusu basi natupa nanga, nashusha mshipi, na changu anakuja kama tumeahidiana. Sasa imefika hatua nikirudi nyumbani watoto hawaulizi tena baba umepata nini, wanauliza "leo tena changu?" na mama yao ananiangalia tu. Na hata pale soko la samaki la Deep Sea siku ambayo kila mtu kaleta changu bei inashuka mpaka unajuta mafuta uliyochoma.

Nimejaribu kubadilisha jamani msione nimekaa tu. Wikiendi nne mfululizo nimesema leo natafuta kolekole, nikarudi na changu na vikande kibao vilivyonilia chambo, vikande nikavitupa. Juzi kati kuna kitu kilikamata kwa nguvu, nikasema huyu sasa ndo mwenyewe, sekunde tatu mshipi mwepesi, nimevuta nakuta nailoni imekatwa kama kwa wembe, hata haijachanika.

Kwahiyo naomba msaada, mtu aliyezoea changu miaka yote aanzie na samaki gani na abadilishe nini? Hela ya kununua boti kubwa sina, semeni kwa hali yangu.

Kijana_wa_Chuda:
Jodari mkuu. Mlango wa Pemba huo hapo mbele yako unahangaika na changu kweli? Jodari mmoja tu umemaliza wiki.

Mzee_wa_Kigombe:
Marahaba mwanangu Chubwi. Huyo kijana wa juu usimsikilize, jodari na mashine ya 15 ni kutafuta ugomvi na wakwe zako maana shemeji yumo humo humo botini. Mlango wa Pemba una mkondo, mashine ikizima kule hupiga kasia, unapiga dua.

Sasa nikwambie kosa lako liko wapi. Wewe hujabadilisha kitu chochote isipokuwa jina la samaki unayemtaka. Mwamba ule ule, saa ile ile, chubwi lile lile zito linakwenda chini moja kwa moja, chambo kipande cha ngisi. Hapo umebisha hodi nyumba ya changu halafu ukifunguliwa unamuulizia kolekole. Changu anakaa chini anaokota mchangani, kolekole yeye ni msafiri, anapita ukingoni mwa mwamba akiwafukuza wadogo, na kitu kilichokufa kimelala chini mara nyingi hakishughulikii.

Ukimtaka kolekole kwanza vua vibua hai, viwili vitatu vinatosha, viweke kwenye ndoo ya lita 20 usivijaze na maji ubadilishe kila mara maana vikichoka havina kazi. Kibua mmoja mchome ndoana mgongoni juu juu usiguse uti, chubwi toa kabisa au weka dogo sana, mwachie aogelee. Na usitie nanga juu ya mwamba wako, kaa pale ambapo maji yanabadilika rangi, kijani kinaishia na bluu nzito inaanza, alfajiri kabla jua halijawa kali na maji yawe yanatembea, yawe yanajaa au yanatoka mi sijali ila yatembee. Maji yakisimama kunja mshipi unywe chai, hapo kolekole hayupo.

Akikamata usimvute kwa hasira. Mwachie kidogo, mvute kidogo. Na vidole vivalishe mpira wa tyubu ya baiskeli, nailoni ikikimbia mkononi inakata nyama, mi kidole cha shahada mpaka leo hakikunji sawasawa.

Yule aliyekukata kwa wembe ni nguru au mzia, wote wana meno. Kwa hao unafunga waya kabla ya ndoana, shibiri moja inatosha, ukizidisha urefu wanauona. Nguru anataka kurambazwa, yani boti inatembea taratibu na chambo kinafuata nyuma juu juu, na kwa kiboti chako subiri kaskazi iingie vizuri, Desemba huko, bahari ikilala. Sasa hivi upepo wa matlai bado unachezacheza.

Na chewa nimemsahau. Chewa akishakamata anaingia pangoni, anatanua mapezi anajifungia, ukivuta utakata. Wewe legeza kabisa mshipi, tulia hata dakika tano, atadhani umeondoka, akitoa kichwa unamvuta kwa nguvu zote mara moja. Ila wadogo waachie, chewa anachelewa kukua, ukimaliza wale watoto hapo mwambani utakaa miaka.

Chini zaidi ya hapo usishuke, usije ukatuletea silikanti bure, yule samaki wa kale wa kilindini. Yule ana hifadhi yake huku kwetu tangu 2009, hagusiki, na hata kuliwa haliki vizuri nyama yake mafuta tupu. Tena kabla hujahamia mwamba mpya ongea na watu wa BMU, kile kikundi kinachosimamia ufukwe wa eneo hilo, sehemu nyingine ni hifadhi na nyingine wenyewe wameufunga mwamba pweza wakue.

Chubwi_la_Sahare:
Mzee wangu nashukuru sana, hapo kwenye hodi nimecheka peke yangu mpaka fundi mwenzangu kaniuliza una nini. Kweli kabisa nilikuwa nabisha nyumba moja.

Swali, vibua hai navipataje asubuhi yote hiyo?

Mzee_wa_Kigombe:
Ndoana ndogo ndogo sita kwenye mshipi mmoja, kila moja ifungie manyoya meupe ya kuku au uzi wa ile mifuko ya mchele inayong'aa, unashusha unapandisha unashusha. Vikiwepo utapata vitatu kwa mpigo. Visipokuwepo rudi kwa changu wako hakuna aibu.

Bi_Mkubwa_Deepsea:
We Chubwi umesema vikande UMETUPA?

Mi nakaanga samaki Deep Sea miaka mingi, nyie wanaume mnanichekesha, mnatafuta samaki mpya mbali na huku yumo botini mnamtupa. Kikande ngozi yake ngumu kama gunia ndo maana watu wanamkimbia. Hapikwi na ngozi! Anachunwa. Unamkata nyuma ya kichwa pale kwenye ule mwiba wake wa juu, unaingiza kidole gumba, unavuta ngozi kuelekea mkiani inatoka yote kama soksi. Ndani nyama nyeupe haina miba midogo, tia nazi, ndimu, pilipili mbuzi moja nzima usiipasue, uniletee majibu. Watoto wako hawatajua kama ni kikande labda uwaambie.

Ila sio kila kinachokula chambo kinaliwa. Yule anayejivimbisha kama puto, bunju, huyo hata paka usimpe, ana sumu na kupika hakuitoi. Kuna watu wanajidai wanajua kumtengeneza, waache wajidai.

La pili barafu. Changu anakuvumilia, unamfunika gunia bichi unafika naye mjini. Huyo nguru na vibua na jodari mnaowataka hawana uvumilivu huo. Wakikaa juani masaa wanaanza kuwasha, mtu anakula mdomo unamchoma, uso unakuwa mwekundu, vipele vinatoka, anasema karogwa kumbe samaki wako. Na ukishafika hapo ukaange ukaushe haisaidii, uwasho haufi kwa moto. Mi mvuvi akiniletea nguru kwanza namshika tumbo kabla sijamuuliza bei. Kwahiyo ukihama samaki hama na kijimboksi cha barafu.

Na tasi ukimpata asikudanganye udogo wake, ile miba ya mgongoni ikikuchoma maumivu yake utalala nayo. Kata miba kwanza humo humo botini ndo umtie kwenye ndoo. Ukichomwa loweka mkono maji ya moto unayoweza kuvumilia.

Biashara je? Wa mahotelini wananiuliza ngisi na pweza kila siku, changu hawaniulizi maana yupo tu.

Ngalawa_Bagamoyo:
Bi mkubwa shikamoo, umenigusia kwangu, ngisi.

Mi niko Bagamoyo na nilikuwa hivo hivo kama Chubwi ila mimi nilikuwa mtu wa mkizi, kimia mkononi kule kwenye mikoko maji yakitoka, si unajua tena hasira za mkizi furaha ya mvuvi, wengine wanaruka wenyewe wanadondokea kwenye ngalawa. Kilichonihamisha ni majirani wanaovua dagaa na taa usiku. Nikaona kila wakiwasha taa pembeni ya ule mwanga kuna vitu vinakuja vimesimama gizani vinaangalia, macho tu. Ngisi. Wanafuata dagaa na dagaa wanafuata taa.

Kwa mtu mwenye kiboti kidogo kama wewe mi naona ngisi ndo wa kuanzia kabla hata ya kolekole, huendi mbali, mafuta kidogo, mshipi wako ule ule wa changu unafaa kasoro ndoana. Unanunua kile kikamba cha plastiki chenye kishada cha vindoana mkiani, maduka ya zana wanavyo. Nenda siku za giza, mbalamwezi ikiwa kubwa taa yako haina maana bahari yote inawaka. Taa hizi za betri zinatosha ila isiangalie machoni kwako, ielekeze majini, we mwenyewe kaa upande wa kivuli na chambo kitupe mpakani, pale mwanga unapoishia. Usikitupe katikati ya mwanga hawaji.

Sasa hapa ndo watu wa changu wanapokosea, changu akigusa unapiga mkono si ndio? Ngisi usipige. Hang'ati kama samaki, anakumbatia. Utasikia mshipi umekuwa mzito tu kama umeshika mfuko wa rambo uliojaa maji, basi hapo vuta mdogo mdogo bila kusimama, vile vindoana havina kishikizo, ukilegeza nusu sekunde kajichomoa. Na akifika juu mwache ateme wino majini kwanza kabla hujamwingiza. Mwache ateme. Narudia kwa sababu hakuna anayesikia mara ya kwanza.

Kijana_wa_Chuda:
Mbona mnazunguka, si uzamie tu na bunduki ya samaki unachagua unayemtaka? chewa unamkuta pangoni kwake

Mzee_wa_Kigombe:
Bunduki ya samaki imekatazwa kijana, kanuni za uvuvi ziko wazi, utanyang'anywa na boti ya watu juu. Tumehangaika na mabaruti hapa Tanga miaka na miaka mpaka miamba ikawa kifusi, sasa hivi ndo inaanza kupata uhai, tuiache ipumue.

Chubwi_la_Sahare:
Narudi na majibu jamani, samahani nimekaa kimya wiki mbili nilikuwa na oda ya mageti.

Nilianza na kikande wa Bi Mkubwa. Kumchuna wa kwanza nimetumia karibu nusu saa na kisu kimeniteleza mara mbili, wa tatu ngozi ikatoka kama soksi kweli. Mama watoto kapika na nazi, tukala na bada, ugali wa muhogo. Mtoto wangu wa mwisho kauliza "huyu changu mbona mtamu?" sikumjibu.

Kolekole: asubuhi mbili. Ya kwanza vibua havikuonekana kabisa, nikarudi kwa changu bila aibu kama mzee alivyosema. Ya pili nikapata vibua vinne, nikakaa pale rangi inapobadilika, na kama saa kumi na mbili na nusu hivi mshipi ukaondoka. Mzee wangu yule samaki anapiga pembeni, hashuki chini kama changu, boti imezunguka na nanga yake. Nimemtoa. Sio mkubwa sana, kama mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, ila nimetetemeka miguu mtu mzima.

Ngisi tumeenda siku ya giza, mimi na shemeji. Tumepata kumi na moja. Wa kwanza wanne wote walichomoka kwa sababu nilikuwa napiga mkono, miaka sita ya changu haitoki mkononi kirahisi. Wa tano nikasikia ule uzito wa mfuko wa maji, nikavuta mdogo mdogo, kafika juu, nikawa na haraka nikamwinua. Hajatema majini. Katemea shemeji, kifuani, kwenye jezi yake mpya ya Coastal Union. Toka juzi anajibu salamu kwa kichwa tu.

Bi Mkubwa, wino wa ngisi unatokaje kwenye nguo?

Ngalawa_Bagamoyo:
NILISEMA

Bi_Mkubwa_Deepsea:
Maji ya baridi na sabuni ya kipande, loweka usiku kucha, sugua kwa ndimu, uanike juani. Ya moto usitumie itashika zaidi. Isipotoka mnunulie nyingine, na usiku wa ngisi mvalishe kitu cheusi. Kumi na moja wote umewauzia nani na mimi nipo hapa?