Tupeane uzoefu: ndugu wakiichukia hadithi yako, unafanyaje?

Wadau, salaam. Naandika riwaya ya mfululizo, natuma sehemu kwa sehemu kwenye kundi la WhatsApp, wasomaji wanalipia kwa simu. Humo kuna baba mdogo anayeuza shamba la mirathi huku watoto wa marehemu kaka yake hawana habari. Nimembuni. Shamba la ukoo wetu liko palepale Muheza na michungwa yake, halijauzwa hata hatua moja. Lakini sehemu ile ilipotoka, baba yangu mdogo alimpigia mama: "Mwambie mwanao aache kutuanika."

Kilichomuuma si shamba. Ni karafuu. Mhusika wangu hutafuna karafuu akianza kusema uongo, na baba mdogo hutafuna karafuu siku zote. Akishajitambua hapo, kila uovu wa yule mhusika akauona ni wake.

Nilimwendea kwake, maana mkubwa hajibiwi kwa meseji. Nilimsomea sehemu nzima, sauti ya juu, mbele ya mkewe. Kufika pale watoto wanapokuta mipaka imeng'olewa, akaniuliza watapata wapi pa kulima. Alikuwa ameshaanza kuwaonea huruma. Bado hapendi, na karafuu sijaziondoa, ila sasa tunaongea. Naamini hivyo kwa dhati: ndugu anastahili kuendewa na kuelezwa, lakini kalamu haiombewi ruhusa kwenye kikao cha ukoo.

Nyie je?

*Mdau, Mombasa*
Kwetu hakuna aliyeuliza kama hadithi ni nzuri. Waliuliza haya ya chumbani nimeyajulia wapi, na mimi sijaolewa. Mwanamume akiandika mauaji haulizwi amemuua nani! Mama alikaa kimya wiki nzima. Shangazi ndiye aliyenitetea, akawaambia makungwi wanawafunda mabiharusi kwa maneno mazito kuliko hayo. Naendelea kuandika, ila kwa jina jingine, na uamuzi huo unaniuma. Ningependa kuliona jina la baba kwenye jalada.

*Mdau, Mwanza*
Mimi hadithi niliiondoa. Niliandika talaka ya dada, nikabadili jina na mji tu. Alisoma, akalia, akasema, "Haya nilikwambia wewe, sikuwaambia watu." Dada huyo ndiye aliyenilipia ada. Hakuna riwaya ninayoitaka kwa bei hiyo.

*Mdau, Dar es Salaam*
Haya yapo kila mahali. Norway, mwaka 2009, Karl Ove Knausgård alipoanza kuchapisha riwaya za maisha yake mwenyewe, ndugu 14 walimlaani kwa barua gazetini. Yeye lakini aliwaandika watu walioishi kweli, hadi mauti ya baba yake. Sisi tunabuni na bado tunaitwa kikaoni.

*Mwanzisha mada*
Ndugu wa Mwanza, hapo nakuunga mkono. Talaka ile ilikuwa siri ya dada, alikukabidhi wewe. Shamba langu halikuwa siri ya mtu, ndiyo maana sikurudi nyuma. Dada wa Mombasa, shangazi yako apewe nakala ya kwanza.

Tunawasubiri wanaoandika michezo ya redio. Ninyi hadithi zenu husikika sebuleni, baba na mama wamekaa hapo hapo. Mlianzaje kuwaambia?